Mbuzi Aliyelipia Paa

Jiwe la Kalunde lilianza kulia kabla maduka ya Migwani hayajafunguliwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa akisaga ugoro, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Majani ya tumbaku aliyanunua kwa akina mama wa milimani. Aliyakausha, akayasaga na magadi, akatia samli kidogo. Wazee walitoka hata Matinyani kuja kununua kwake. Walinusa, wakapiga chafya, wakafuta machozi.

"Mama Ndila, ugoro wa leo ni kali sana," walisema.

"Kama unataka laini, nunua unga," Kalunde aliwajibu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1937. Watu walimwita Mama Ndila kwa sababu ya binti yake, ambaye alikuwa ameshaolewa. Mume wa Kalunde, Musembi, alifanya kazi ya kuvunja mawe ya barabara, mbali. Alirudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Wawili hao walikuwa wamepanga chumba kimoja pale sokoni. Mwenye chumba aliitwa Nzioka, naye aliishi Tawa. Kodi ilikuwa shilingi tatu kwa mwezi.

Chumba kile kilikuwa kizuri, isipokuwa paa. Mabati yalikuwa yameoza kwa kutu. Mvua ikinyesha, maji yaliingia ndani na kuangukia magunia ya tumbaku. Tumbaku ikilowa huota ukungu, na ugoro wenye ukungu haununuliwi hata na mzee asiye na pua.

Nzioka alipokuja kuchukua kodi, Kalunde alimwonyesha yale matundu.

"Mimi nakaa mbali," Nzioka alisema. "Tafuteni fundi nyinyi, mlipe nyinyi. Mimi nitawaachia kodi ya miezi minne. Sawa?"

"Sawa," Kalunde alijibu.

Fundi aliyepatikana ni Kivuva wa Matinyani. Mikono yake ilikuwa mizuri, na hapo hatutamnyima haki yake. Kwa siku mbili aliondoa mabati manne mabovu, akapigilia mengine manne. Bei yao ilikuwa shilingi kumi na mbili, mabati na kazi pamoja. Kalunde alimhesabia shilingi nane mkononi, majirani wakiona. Zikabaki nne, na pesa ilikuwa imemwishia.

"Nina mbuzi jike," Kalunde alimwambia. "Sokoni hiyo ni shilingi nne, bila kubishana."

"Ilete," Kivuva alisema. "Mbuzi pia ni pesa."

Baada ya siku tatu Kalunde alimchukua mbuzi, akamvuta kwa kamba hadi pale njia ya Matinyani inapovuka mto mkavu. Kivuva alikuwa akimngoja. Alimpapasa mbuzi mgongo, akamtazama meno.

"Tumemalizana, mama," alisema.

"Tumemalizana," Kalunde alijibu.

Kila mmoja akashika njia yake. Pale mtoni hapakuwa na mtu wa tatu. Hapakuwa na karatasi. Na Musembi aliporudi nyumbani mwezi uliofuata, Kalunde alimwonyesha paa jipya, akampikia isyo ya mahindi na maharagwe, wakaongea habari za binti yao na mkwe wao. Habari ya mbuzi ikasahauliwa. Mambo makubwa ya nyumbani huharibika hivyo hivyo, polepole, watu wakiwa wanakula na kucheka.

Sasa ni lazima tueleze desturi moja. Ukambani watu huwekeana mifugo. Mtu akikosa mahali pa kuchungia, humpelekea rafiki mbuzi wake amchungie. Mbuzi anabaki wa mwenyewe. Akifa kwa ugonjwa au njaa, mchungaji humletea mwenyewe ngozi, na masikio yakiwa bado yapo, ili aone alama yake na ajue kuwa mbuzi hakuibwa. Ukiipokea ngozi hiyo, umekubali kwamba mbuzi alikuwa wako. Umekubali pia kwamba hasara ni yako. Musembi alikuwa na mbuzi kwa marafiki watatu au wanne, kwa sababu mtu wa chumba cha sokoni hana zizi.

Mwezi wa kumi ulikuja na ukame mkali. Majani yaliisha. Mbuzi wengi walikufa. Musembi alipata ruhusa ya wiki moja, akaja nyumbani. Siku ya pili Kalunde alikwenda milimani kununua tumbaku. Musembi alikuwa amekaa mlangoni alipomwona Kivuva akija na wazee wawili. Kivuva alikuwa na ngozi kavu kwapani, imekunjwa.

"Pole, Musembi," alisema kwa sauti ya matanga. "Hiyo mbuzi yenu imekufa. Njaa. Nimewaletea ngozi."

Musembi aliichukua ile ngozi, akatazama sikio la kulia. Aliona mkato kwenye ncha, alama ya mbuzi wa baba yake. Akafikiri kwamba mkewe alikuwa amempa fundi mbuzi mmoja wa kuchunga, kama watu wanavyofanya.

"Ni bahati mbaya," Musembi alisema. "Hakuna ubaya. Asante kwa kuileta."

Wazee wawili walisikia. Tena Musembi, kwa wema wake, aliwapa ugoro wa bure kabla hawajaondoka.

Kalunde alirudi alasiri na mzigo kichwani. Musembi akamweleza. Mzigo ukaanguka chini.

"Mbuzi gani?"

"Ile yenye doa tumboni. Si ulimpa Kivuva aichunge?"

"Niliipa Kivuva kama malipo! Ni ile shilingi nne ya paa!"

Musembi alitazama ngozi iliyoning'inia ukutani, akamtazama mkewe.

"Hukuniambia," alisema.

"Na wewe hukuniuliza."

Walikuwa na haki wote wawili, na wote wawili walikuwa na makosa. Kivuva alikuwa amepita katikati yao, mahali ambapo maneno hayakusemwa. Ukweli ni kwamba mbuzi alikuwa amekufa kwake. Alipoona hasara, alitafuta mtu wa kumbebesha.

Kesho yake Kivuva alirudi, safari hii bila sauti ya matanga.

"Mama, mbuzi yako imekufa, na bwana yako amepokea ngozi. Sasa nataka shilingi nne zangu."

"Nilikulipa mtoni, Kivuva. Ulisema tumemalizana."

"Nani alisikia?" Kivuva aliuliza. "Mimi nina wazee wawili walioona bwana yako akipokea ngozi. Wewe una nani? Jumamosi nisipopata pesa, nakuja na ngazi. Nang'oa mabati yangu."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu, na soko lina masikio mengi. Siku ileile Mbinya, mama aliyemkopesha Kalunde tumbaku kila mwezi, alituma habari kwamba safari hii anataka pesa kwanza. Nzioka alikuwa amefika Migwani kwa shughuli zake. Naye alisikia.

"Sitaki ugomvi juu ya nyumba yangu," Nzioka alisema. "Bati likitoka, na nyinyi mtoke. Mwezi ukiisha bila hii kesi kuisha, tafuteni chumba kingine."

Hivyo Kalunde aliona vitu viwili vikimtoka pamoja. Cha kwanza ni chumba. Cha pili ni jina lake, maana msaga ugoro asiyeaminika hapati majani ya mkopo, na bila majani jiwe halina kazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa karibu. Aliumia moyoni, tena sana.

"Tulipe tu," Musembi alisema. "Ni shilingi nne. Yaishe."

"Hayataisha," Kalunde alijibu. "Ukilipa deni lisilo lako, kesho utaletewa na la jirani. Mimi silipi."

Watu wengine walimshauri amwite Kivuva wale kiapo cha kithitu, kiapo kinachoogopwa Ukambani kote. Anayesema uongo atakufa, walisema, na ukweli utajulikana.

"Mimi sitaki Kivuva afe," Kalunde alisema. "Nataka aseme ukweli akiwa hai."

Asubuhi iliyofuata jiwe lake halikulia. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka dogo la sukari, majani ya chai na vitambaa. Duka hilo lilikuwa la Bishar na mkewe Istahil, watu wa kaskazini, Waislamu. Bishar alinunua mbuzi vijijini na kuwapeleka kuuza mbali. Istahil ndiye aliyekaa dukani. Aliposikia kimya, alivuka njia.

"Mama Ndila, leo jiwe halilii. Kuna nini?"

Kalunde alimweleza yote. Istahil hakuanza na pole. Alianza na maswali.

"Zile shilingi nane za kwanza, kuna mtu aliona ukilipa?"

"Majirani wote."

"Na mbuzi?"

"Mungu aliona."

"Mungu ni shahidi mzuri, dada," Istahil alisema, "lakini karani wa baraza hawezi kuandika jina lake."

Kalunde alijikuta akicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Sasa sikiliza," Istahil aliendelea. "Kivuva hawezi kuja kung'oa paa kwa mkono wake. Bati likishapigiliwa juu ya nyumba ni la nyumba. Kama anadhani anadai, aende barazani adai pesa. Na wewe usilipe kwa woga, maana ukilipa umekubali deni. Usimtukane pia. Akikuona unatukana atasema, huyu mama hana neno ila matusi. Nenda barazani wewe kwanza."

"Mimi mwanamke, niende barazani?"

"Paa hilo liko juu ya kichwa cha nani?"

Kalunde aliinua macho, akayatazama mabati mapya.

"Kwetu tumeagizwa katika dini," Istahil alisema. "Mkikopeshana mpaka siku fulani, andikeni, na muite mashahidi. Si kwa sababu watu ni wezi. Ni kwa sababu watu husahau, na mwenye njaa husahau haraka zaidi. Hilo la kuandika limekwisha kupita. Sasa tutafute kama kuna alama yoyote ya ukweli iliyobaki. Ngozi iko wapi?"

Walimwita Bishar. Alikuja taratibu, na fimbo yake, akaishika ile ngozi kama mtu anayesoma barua. Sikio la kulia aliliona mara moja. Sikio la kushoto lilikuwa limekauka na kujikunja ndani. Bishar hakulivuta, maana lingevunjika. Aliomba karai la maji, akaliloweka, akakaa chini kunywa chai.

"Nimenunua mbuzi miaka ishirini," alisema. "Mbuzi hasemi. Lakini sikio lake husema ni wa nani."

Chai ilipoisha, sikio lilikuwa limelainika. Bishar alilikunjua kwa vidole viwili. Pembeni, karibu na shina, palikuwa na mkato wa duara uliokuwa umepona.

"Musembi, hii alama ni yenu?"

"Hapana. Sisi tunakata ncha ya kulia tu. Hii siijui."

"Basi kumbuka neno moja," Bishar alisema. "Anayechunga mbuzi ya mtu hakati sikio lake. Anayekata sikio ni mwenye mbuzi."

Kalunde alisimama. Kabla ya adhuhuri alikuwa mbele ya meza ya karani wa baraza la wazee. Alitoa shilingi mbili za ada kutoka kwenye pesa ya tumbaku. Karani akaandika madai yake, akapiga muhuri kwenye karatasi ya wito.

"Kesi ni Jumatano," karani alisema. "Mpaka siku hiyo, mtu yeyote asiguse hilo paa. Askari atampelekea Kivuva karatasi yake. Hii ni yako."

Jumamosi Kivuva alikuja na ngazi begani. Hakuwa amekutana na askari bado. Soko lilikuwa limejaa, na watu wakaacha kununua ili watazame. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Toka, mama. Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Kivuva, tutaongea Jumatano barazani. Karatasi ndiyo hii. Inasema usiguse."

Kalunde aliinyanyua karatasi juu. Aliishika juu chini, kwa maana hakujua kusoma. Kivuva naye hakujua. Wote wawili waliikazia macho ile karatasi, kichwa cha maandishi kikitazama ardhi. Lakini muhuri ni muhuri, hata ukiwa umepinduka. Kivuva aliujua.

"Na usipoijali," Kalunde aliongeza, "panda. Watu wote hawa watakuwa mashahidi wangu. Safari hii ninao."

Kivuva aliitazama ile ngazi, akatazama watu. Akaibeba tena ngazi yake, akaondoka. Kalunde alikaa chini palepale mlangoni.

Ruhusa ya Musembi ilikuwa imekwisha. Akikawia, atakatwa mshahara. Kalunde alimwambia aende.

"Siendi," Musembi alisema. "Ngozi niliipokea mimi. Aibu hiyo siwezi kukuachia uibebe peke yako."

Jumatano nyumba ya baraza ilijaa. Wazee watano walikaa kwenye benchi, karani akakaa pembeni na daftari lake. Kalunde alisimama. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, halafu ikapata nguvu. Alieleza bei, shilingi nane, mto mkavu, mbuzi, na maneno "tumemalizana." Hakuongeza wala kupunguza.

Kisha Kivuva akasema, "Hiyo mbuzi nilipewa kuchunga. Imekufa, nikapeleka ngozi kama desturi. Wakapokea. Mashahidi wangu ni hawa."

Wazee wawili walisimama, mmoja baada ya mwingine. Wa pili aliitwa Nzuki, jirani wa Kivuva kule Matinyani. Wote walisema walimwona Musembi akipokea ngozi na kushukuru.

Musembi akasimama. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Ni kweli," alisema. "Nilipokea. Sikujua kama mke wangu alikuwa amelipa nayo. Nilifanya haraka ya mdomo. Kosa ni langu, si lake."

Watu wakanong'ona. Mkubwa wa baraza akamwuliza Kalunde kama ana neno lingine.

"Nina ngozi," Kalunde alisema.

Aliifungua juu ya meza. Bishar alisimama kama shahidi, akaonyesha masikio yote mawili.

"La kulia ni alama ya Musembi," alisema. "La kushoto si yake. Limekatwa baadaye, likapona."

"Ni miiba!" Kivuva alisema haraka. "Mbuzi alinaswa na miiba."

"Miiba huchana," Bishar alijibu. "Haikati duara."

Mkubwa wa baraza aliligeuza lile sikio kwenye mwanga wa dirisha. Kisha aliwatazama mashahidi wa Kivuva.

"Nzuki, wewe unakaa karibu naye. Unaijua alama hii?"

Mzee Nzuki alisogea, akainama. Kivuva alikuwa akimtazama sana, lakini mzee hakumtazama.

"Naijua," Nzuki alisema. "Ni alama ya Kivuva. Huyu mbuzi nilimshika mimi mwenyewe siku alipokatwa. Kivuva aliniambia, 'Shika vizuri, mzee, hii ndiyo malipo ya paa la Migwani.'"

Baraza zima lililipuka kwa kelele. Kivuva akaruka juu.

"Mzee! Ulisema utanishuhudia!"

"Nimekushuhudia," Nzuki alijibu. "Uliniita nione ngozi ikipokewa, nikaona, nikasema. Sasa nimeulizwa habari ya sikio, nimesema na hiyo. Au ulitaka nichague?"

Kivuva aliketi. Desturi ileile aliyoitumia kama mtego ndiyo iliyomshika. Kama angeyaondoa masikio, Musembi asingeipokea ngozi. Na kwa kuwa aliyaacha, alama yake ilimfuata hadi mezani.

Wazee hawakukaa sana. Mkubwa wa baraza alisema kwamba deni la paa lililipwa siku ile mbuzi alipokabidhiwa. Mbuzi alikufa akiwa wa Kivuva, na hasara ni ya Kivuva. Tena Kivuva amrudishie Kalunde shilingi mbili za ada. Karani aliandika yote hayo.

Kalunde alidhani yamekwisha, akaanza kukunja ngozi.

"Ngoja, mama," mkubwa wa baraza alisema. "Umeshinda kwa sababu ya sikio la mbuzi na mzee asiyetaka kusema uongo. Je, mzee huyo angekuwa amekufa kabla ya leo?"

Kalunde aliinamisha kichwa.

"Ukilipa pesa, ng'ombe, asali au siku ya kazi, ita mtu aone. Pata karatasi inayosema nani amelipa, amelipa nini, kwa kazi gani, siku gani, na nini kimebaki. Aliyepokea aweke jina au dole gumba. Na kabla ya hayo yote, mwambie mumeo. Na wewe Musembi, kabla hujasema asante, uliza."

"Ndiyo, mzee," walijibu pamoja, na watu wakacheka kidogo.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, kwa nguvu, na tumbaku ilibaki kavu. Nzioka hakusema tena habari ya kuhama. Mbinya alishuka kutoka milimani na mzigo wa majani, akautua mlangoni bila kudai pesa kwanza. Lakini Kalunde alimwita Istahil ng'ambo aje kuona mzigo ukipimwa, na Mbinya akanuna.

"Sasa huniamini, Mama Ndila?"

"Nakuamini leo," Kalunde alisema. "Hii ni kwa ajili ya siku tutakayosahau."

Jambo moja bado lilimkera. Kila karatasi ilibidi iandikwe na mtu mwingine, na yeye aliitazama tu. Hakupenda kukumbuka ile Jumamosi alipoishika karatasi juu chini mbele ya soko lote. Basi akaenda kanisani, ambako mwalimu mmoja, mama Nthenya, alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma alasiri. Wakristo wa pale hawakupenda tumbaku hata kidogo.

"Kusoma tutakufundisha," Nthenya alimwambia. "Ugoro wako tutauombea."

"Ombeeni na bei yake," Kalunde alisema, akakaa kwenye benchi la mbele.

Alisoma miezi minane. Vidole vilivyozoea jiwe viliona kalamu kuwa kitu chembamba sana. Alivunja nyingi. Hakuacha.

Mwaka uliofuata mlango wa chumba ulioza chini. Nzioka alikubali tena kukata gharama kwenye kodi, na safari hii alikubali kwa karatasi. Kalunde akatuma habari Matinyani kumwita Kivuva.

"Kivuva?" Musembi aliuliza, kwa kuwa alikuwa nyumbani. "Wewe una wazimu?"

"Ana mikono mizuri," Kalunde alisema. "Ugonjwa wake naujua, na dawa yake ninayo."

Kivuva alikuja akiwa na aibu, akitazama miguu yake. Walipatana bei mbele ya Istahil na Musembi kabla hajatoa msumari hata mmoja. Ilikuwa shilingi tatu, mbao za Kalunde, kazi ya Kivuva. Alifanya kazi mpaka saa tisa. Mlango ulifunga vizuri.

Kalunde alihesabu shilingi tatu mezani. Kisha akatoa karatasi na wino, akaandika mwenyewe. Aliandika polepole, ulimi ukiwa nje kidogo. Kivuva alingoja amesimama. Alipomaliza, Kalunde alimsomea kwa sauti:

"Mimi Kivuva wa Matinyani nimepokea shilingi tatu kutoka kwa Kalunde wa Migwani, kwa kazi ya mlango. Hakuna kilichobaki. Mashahidi ni Istahil na Musembi."

Akamsogezea wino. Kivuva alinyoosha dole gumba, halafu akalirudisha. Aliitazama karatasi kwa muda. Uso wake ulikuwa na woga wa mtu ambaye hajui kilichoandikwa mbele yake, na Kalunde aliujua woga huo vizuri sana.

"Soma tena, mama," Kivuva alisema kwa sauti ya chini.

Kalunde alisoma tena, kidole kikifuata kila neno. Kisha akaichukua karatasi, akampa mkononi.

"Usiniamini mimi peke yangu," alisema. "Mwalimu Nthenya yuko pale kanisani. Nenda akusomee. Ukirudi, utaweka dole."

Kivuva alikwenda. Shilingi tatu zilibaki mezani, na hakuna aliyezigusa. Baada ya muda alirudi, akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini ya jina lake.

"Na mimi niandikie moja kama hiyo," alisema. "Nikae nayo."

Kalunde akavuta karatasi nyingine, akaanza kuandika.